Udogo Usio na Punguzo

Umeme ulikatika jana saa mbili usiku, kwa utaratibu ule ule tunaoujua, na mpwa wangu wa kidato cha tatu, badala ya kutafuta mshumaa, akanivuta uani kunionyesha nyota. Mimi nawaza samaki walioanza kuyeyuka kwenye friji. Yeye ananieleza kwamba Jua letu ni moja tu kati ya nyota zaidi ya bilioni 100 za Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, kundi kubwa la nyota tulimo, na kwamba mwaka 1990 chombo cha anga cha Voyager 1 kiliipiga picha Dunia kutoka umbali wa kilomita bilioni 6, ikatokea nukta isiyojaza hata pikseli moja. "Kwa hiyo, mjomba," akahitimisha, "sisi si kitu."

Mimi ni mtu mzima, mwenye familia na kadi ya mpiga kura, na sijazoea kuambiwa si kitu na mtu ninayemlipia ada. Hata hivyo niliona hoja hiyo ina manufaa, kwani kama mimi si kitu, basi na madeni yangu, ambayo ni madogo kuliko mimi, yatakuwa yamekwisha futika.

Asubuhi nikaenda dukani kwa Mangi, ambaye alikuwa ameshalitoa lile daftari kabla sijamaliza kuvuka barabara. Nikamsalimu kwa heshima zote, kisha nikamfahamisha kwamba nyota iliyo jirani yetu zaidi baada ya Jua, Proxima Centauri, iko mbali kiasi kwamba mwanga wake hutumia zaidi ya miaka minne kutufikia, na kwamba mbele ya umbali huo kilo mbili za unga na chupa ya mafuta ya kula ni mambo yasiyostahili kuandikwa. Mangi alinisikiliza hadi mwisho, akalamba kidole, akafunua ukurasa.

"Huo mwanga hufika au haufiki?"

Nikajibu kwamba hufika.

"Umbali wote huo, bila kupigiwa simu?"

Wateja wengine wakaanza kusogea karibu.

"Sasa wewe, mzee, unakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Hela yako inapitia nyota gani?"

Nilipoona ninabishana na mtu asiye na elimu ya anga, nikamtajia galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Mangi akauchukua mfuko wa unga niliokuwa nimekwisha kuushika, akaurudisha kwenye rafu, akasema na wenyewe umesafiri.

Kondakta wa daladala aliniambia nisogee nyuma, nafasi ipo. Na ni kweli ipo, maana ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 na bado unatanuka, isipokuwa pale nilipotaka kuweka mguu wa pili. Mwenye nyumba hakutaka hata kusikia habari za nyota. Anataka kodi ya miezi sita.

Jamani, kama sisi hatuonekani, mbona kila mwenye kitabu cha risiti anatuona? Voyager 1 hiyo hiyo, iliyorushwa mwaka 1977, ina mtambo wa kurushia mawimbi wa wati 23 hivi, nguvu ya balbu ya jikoni, na inasikika kutoka zaidi ya kilomita bilioni 24, wakati simu yangu haishiki mtandao mpaka niipandishe juu ya kabati!

Na ubavuni mwa chombo hicho kuna santuri iliyopakwa dhahabu yenye salamu za lugha 55 kwa yeyote atakayeiokota huko. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kisumeri, ambacho wasemaji wake walikwisha kufa maelfu ya miaka iliyopita, nacho kimo. Kiswahili hakimo, sisi tunaosalimiana mpaka chai inapoa, tukaulizia watoto, shamba na mbuzi. Wageni hao wakiamua kuitikia salamu watashukia Kampala, na sisi wa Dar es Salaam tutaambiwa tujaze fomu.