Jina la utawani na jina la unyagoni

Binti akirudi nyumbani amevaa shela, ameshaweka nadhiri za kwanza za utawa na kupewa jina jipya, mjomba huwa na swali moja: "Jina tulilokupa lina kasoro gani?" Si swali la kubeza. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao wa Mtwara na Lindi ukoo hufuata upande wa mama, na jina la bibi aliyefariki hurithishwa lisipotee.

Wengine wanaopinga desturi hii ya watawa kubadili jina wana hoja nyingine, tena ya kikanisa: ubatizo umeshampa mtu jina, la pili la nini? Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki uliomalizika 1965, mashirika mengi yaliwaachia watawa wao majina ya ubatizo. Hata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, inayofuatwa na wamonaki wa Ndanda, sura ya 58, inamvua mtawa mpya nguo zake na kumvika za monasteri. Kuhusu jina, kimya.

Hayo nayakubali. Nisilolikubali ni kwamba desturi yenyewe ni ya wamisionari wa Kijerumani, imetujia melini. Jamani, nani huku hajui jando? Kijana huingia na jina la utotoni akatoka na jingine, na kumwita lile la zamani mbele za watu ni kumtukana. Binti wa unyago vivyo hivyo. Mjomba anayelalamika leo naye aliacha jina porini, na hakuna aliyemwambia kaukana ukoo. Tena tazameni neno "somo": unyagoni ni mama anayemfunda mwali; kanisani ni mtakatifu ambaye mtu amechukua jina lake, na siku yake husherehekewa. Waliochagua neno hilo hawakulazimisha kitu.

Ugeni upo kwenye majina yenyewe, nakiri. Walburga halitamkiki kirahisi Newala. Lakini hata hilo lina historia huku: Sista Walburga Diepolder alipoteza maisha 1905, misheni ya Nyangao iliposhambuliwa katika Vita vya Majimaji.

Usumbufu wa vyeti ni wa kweli pia: muuguzi anajulikana wodini kwa jina moja, kitambulisho kina jingine. Lakini hilo hutatuliwa kwa hati za kisheria.

Halafu mjomba aangalie kinachobadilika hasa. Mara nyingi ni Rozi anayekuwa Walburga. Jina la kwao linabaki palepale, nyuma.