Technics au Linn: santuri zako ndo ziamue

Hapa Dar ukimwambia mtu wa muziki wa nyumbani kwamba unataka mashine ya kupigia santuri ya Technics SL-1200G anakukata hapo hapo, hiyo ya madisko hiyo, chukua ya Linn, Sondek LP12, uwe na kitu cha maana. Kuna kaka yangu Upanga kastaafu, kiinua mgongo kimetoka, kaachiwa makasha ya santuri na marehemu baba yake, na kila anayemuuliza anampa jibu hilo hilo. Mimi naona Technics inaonewa.

Linn si ya kubeza na sisemi hivyo kwa adabu tu. Inatoka Glasgow, wanaitengeneza tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, inazungushwa na mkanda, sinia linalobeba santuri na mkono wa sindano vimening'inia kwenye springi tatu, na uzuri wake mkubwa ni kwamba hata ile ya zamani unaweza kuifunga vipuri vya leo, mwaka huu unabadilisha mota, mwakani mkono. Sauti yake ina uhai, besi inatembea, unashtukia mguu unapiga chini wenyewe. Anayeipenda ana haki ya kuipenda.

Ila zile springi kazi yake ni kuzuia mitetemo ya nje isifike kwenye sindano. Huku kwetu ni zege na taili juu, weka meza nzito imetosha. Na springi zinataka fundi anayeijua mashine hiyo hasa, akishazipanga ukihama Upanga ukaenda Mbezi unamtafuta tena. Afu kuna umeme. LP12 za zamani kabla ya Valhalla ya 1982, bodi ya kielektroniki inayoshika spidi ya mota, mota inafuata hezi 50 za ukutani, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, umeme ukikatika ukawasha jenereta dogo hezi zinapanda zinashuka na muziki unazifuata. Za kisasa hazina shida hiyo, tuseme haki. Technics ndo haina mkanda kabisa, mota iko chini ya sinia moja kwa moja na kristali inashika spidi, na hili sio jipya, tangu SL-1200MK2 ya 1979 iko hivyo.

Sasa wanaobishana wanapenda sana namba ya kuyumba kwa spidi, Technics wanaandika asilimia 0.025. Sawa. Lakini chukua santuri ya 45, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ya Morogoro Jazz au NUTA Jazz, zile zilizokuwa zinachapwa Nairobi maana sisi hatukuwa na kiwanda, iweke ucheki mkono wa sindano, mara nyingi utauona unaenda kulia unarudi kushoto kila mzunguko, tundu halijakaa katikati. Likisogea nusu milimita tu, na sindano iko sentimita 6 kutoka katikati, spidi inayumba asilimia 0.8 juu na chini. Zaidi ya mara 30 ya ile namba watu wanayogombania! Saksafoni ikishika noti ndefu utaisikia inapanda na kushuka, na hapo hakuna Linn ya kukusaidia hata uilipie bei ya gari, wala Technics haiondoi, tofauti ya hizo mashine mbili inamezwa na tundu. Kwahiyo mwenye makasha ya santuri za hivyo kumwambia atafute spidi safi zaidi ya ile ya Technics ni kumtia hasara.

Yeye atafaidi vitu ambavyo watu wanaviita vya ma DJ. Kile kitufe cha kusogeza spidi mpaka asilimia 16 juu au chini, santuri iliyorekodiwa ikakaa juu ya tyuni unaishusha, na anayejifunza gitaa anapiga nayo sambamba. Kuna spidi ya 78 pia, ya santuri za kale zinazozunguka mara 78 kwa dakika, ambayo Linn haina, na kaka ana kasha zima la 78, taarab ya enzi za kina Siti binti Saad waliokwenda kurekodi Bombay 1928. Santuri hizo zinataka sindano pana, ukitumia ya LP, zile santuri kubwa zilizokuja baadaye, inazama chini ya mfereji na kukwaruza, na kwenye Technics unalegeza nati, unachomoa kichwa cha mkono, unapachika kingine chenye sindano yake, dakika haiishi. Mikono mingi ya Linn kichwa hakichomoki.

Mwenye LP tupu tena zilizochapwa vizuri, anayekaa chini kusikiliza upande mzima, na fundi anaye, huyo achukue Linn na hatajuta. Na kama mzee wako alirudi nayo kutoka Uingereza iko stoo usiiuze, anza na mkanda mpya.

Kaka nimemwambia achukue SL-1200G, ilipotoka 2016 ilikuwa dola 4,000 za Marekani, nyingi ila Linn ya juu kabisa inazizidi mbali, na chenji inunue sindano ya 78 na mashine ya kuoshea santuri, maana zile zimekaa kwenye vumbi miaka na ukizipiga bila kuziosha unaila sindano mpya mapema.