Mdogo wangu kaitwa kwenye chama cha herufi za Kigiriki

Ujumbe uliingia usiku, umeme umekatika na simu yangu imebaki na asilimia tisa. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma uzamili wa uhasibu Marekani, jimbo la Ohio. Alikuwa ametuma picha ya barua kwenye kikundi cha familia, na chini yake maneno haya: "Yaya, barua yenyewe njo hii. Banasema niingie ku chama chabo, lakini kwanza nilipe. Nifanye namna gani?" Yaya ndiye mimi, mkubwa wake.

Kabla sijafungua picha, mama mkubwa alishajibu. Mama mkubwa halali. "Ile maandiko ya juu ni ya nini? Usitie saini. Muulize pasta." Mjomba akafuata: "Ni loji. Banaanzaka vile." Loji kwetu ni chama cha siri. Halafu mtu mmoja, nafikiri ni yule binamu wa Likasi, akatuma mikono saba ya maombi bila neno lolote.

Chama kinaitwa Beta Alpha Psi. Kilianza mwaka 1919 kwenye Chuo Kikuu cha Illinois, kikiwa cha wanafunzi wa uhasibu, au kontabilite kama tunavyoiita huku Lubumbashi, Kongo. Baadaye kikawafungulia mlango wanafunzi wa fedha na wa mifumo ya habari. Ili kuingia, alama zako zifike wastani wa 3.0 kwa kipimo chao kinachoishia 4. Hilo nilitarajia. Jambo ambalo sikutarajia lilikuwa mstari wa chini: kabla hujapokelewa unatimiza saa za mikutano ya kikazi, na saa za kujitolea. Mstari ule niliusoma mara mbili, simu ikazima.

Sitaki kuicheka familia yangu. Huku kwetu, barua inayokusifu kwenye aya ya kwanza na kukuomba pesa kwenye aya ya pili ina jina, na wengi wetu tumeshalipia somo hilo. Halafu, kuhusu herufi, mama mkubwa hakuwa mbali sana na ukweli. Mtindo huo wa Marekani wa kujiita kwa herufi za Kigiriki unatoka kwenye Phi Beta Kappa, chama cha wanafunzi kilichozaliwa mwaka 1776 kwenye chuo cha William & Mary, Virginia. Na kilikuwa cha siri kweli, na kiapo, na namna yake ya kupeana mikono. Siri hiyo waliiacha mwaka 1831, wakati Wamarekani wenyewe walipokuwa wamechoka na vyama vya kujifungia. Herufi tatu zile ni vifupisho tu vya maneno ya Kigiriki yanayosema kwamba kupenda hekima ndiko kuongozako maisha. Kwa hiyo mama mkubwa alikosea, lakini alikosea kwa kuchelewa miaka mia mbili hivi.

Asubuhi nilimwandikia mdogo wangu asilipe hata senti kwanza. Aende idarani kwa miguu yake, aulize mlezi wa tawi ni mwalimu gani, ofisi yake ni mlango gani, na kiingilio kinalipwa mara moja au kila mwaka. Maana vipo pia vyama vya heshima vya karatasi, vinavyomtumia barua kila mwenye anwani. Ukilipa unapata cheti cha kutundika ukutani na basi. Chama cha kweli kina watu unaoweza kuwafuata na kuwasumbua. Siku ya pili alijibu: "Nimemuona. Ni prof wangu wa ukaguzi. Ameniuliza kama najua kufundisha wadogo."

Basi swali likabaki lile la kweli. Aingie?

Mimi, kwa asili, sipendi vyama vya wenye alama kubwa. Nina sababu, na sababu hiyo ni mtu. Tulisoma naye promosheni moja, yaani mwaka mmoja. Asubuhi oditwari, ule ukumbi wa mihadhara, jioni anauza ndakala, dagaa wetu, na unga soko la Kenya (mtaa wa hapa mjini, sio nchi), kwenye meza ya mama yake, mpaka taa za watu zizimwe. Hakuwahi kupata zaidi ya Satisfaksio, na mara mbili aliponea sesheni ya pili, ile ya kurudia mitihani. Ngazi zetu za wakati ule: asilimia 50 ilikuwa Satisfaksio, 70 Distinksio, 80 Grande Distinksio, na kule juu ya 90 hakuna mtu niliyewahi kumwona kwa macho. Leo, nikiwa na mizania inayonitesa, yeye ndiye ninayempigia simu. Kizingiti cha 3.0 kingemfungia nje, wakati mimi na Distinksio yangu ningepita kifua mbele.

Na hayo mambo ya kizingiti yana ujinga wake mwingine, hasa kwa watoto wetu wanaokwenda kusoma ng'ambo. Mdogo wangu alitoka hapa na 68 kwa mia. Hapa tulimchinjia kuku. Kule, asilimia 68 kwenye karatasi ya Mmarekani ni alama ya mtu aliyekuwa anasinzia darasani, kwa sababu walimu wao wanagawa 90 kama karanga, na wetu wanaitoa 16 juu ya 20 kama wanatoa figo. Ilibidi aombe maelezo ya kipimo chetu yaambatanishwe na nakala za alama zake. Kama unapanga kumtuma mtoto, omba maelezo hayo mapema, yakiwa na mhuri, usisubiri aanze kulia kwa simu.

Lakini nilipofika kwenye zile saa za kujitolea, nilijikumbuka mwenyewe, mwaka 2019, kazi ya kwanza, duka la vifaa vya ujenzi huku mjini. Nilitoka shule najua kuandika akaunti 571, ya pesa taslimu, upande wa kushoto na 701, ya mauzo, upande wa kulia bila kufikiri. Kwa kweli, hata hayo nilijifunza nusu. Nchi yetu iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, mpango mpya wa hesabu ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, na sisi mwaka uleule tulikuwa bado tunanunua silabisi yenye mpango wa zamani wa 1976, kopi ya kopi, kurasa zingine nyeusi kama mkaa. Kununua ilikuwa lazima, maana jina lako liliandikwa kwenye orodha ya waliolipa. Tuyaache.

Siku ya tatu kazini, bosi alinisukumia sanduku la pesa na daftari. Hesabu. Nikahesabu. Sanduku lilipungua faranga 18,000. Nikahesabu tena, noti kwa noti, za elfu ishirini, za elfu kumi, za elfu tano, mpaka zile za mia tano zilizolainika kama kitambaa. Pungufu 18,000. Jasho. Nilianza kumwangalia muuzaji kijana aliyekuwa anafagia kama ninamwangalia mwizi, na yeye akaona.

Bosi hakusema kitu kwa nusu saa nzima. Kisha akauliza: "Bei ya leo ni kwa dola, si ndiyo? Wateja wamelipa kwa nini?" Kwa faranga. "Kwa bei gani ya dola?" Daftarini niliandika 1,650. Kijana, kwa wateja wetu wa siku zote, mafundi wale wa Katuba na Ruashi, alikuwa anapokea kwa 1,610, na bosi mwenyewe ndiye aliyemruhusu. Vitu vya dola 450, mara faranga 40 za tofauti: 18,000 kamili. Hakuna aliyeiba. Na ndani ya sanduku kulikuwa na noti moja ya dola 20 yenye mpasuko mdogo pembeni, nimeihesabu ishirini, kumbe mjini hapa hakuna atakayeipokea. Ni sawa na karatasi.

Miaka mitano ya masomo, na hakuna mtu aliyenipa sanduku lenye pesa za aina mbili nilihesabu. Yule mwenzangu wa soko la Kenya angeligundua kosa lile kabla hajakaa. Yeye alikuwa na saa zake za mazoezi tayari, kila jioni, tatizo ni kwamba hakuna aliyezihesabu kuwa masomo.

Ndiyo maana nilimwambia mdogo wangu aingie. Sikumwambia kwa ajili ya ule uzi wa rangi watakaomvisha shingoni siku ya mahafali, ingawa mama mkubwa atauonyesha mtaa mzima, wala kwa ajili ya mstari mmoja kwenye CV. Aingie kwa sababu wanamlazimisha ashike hesabu za mtu mwingine kabla hajaajiriwa. Kazi yenyewe ni hii: matawi mengi ya chama hicho hupeleka wanachama kwenye mpango wa VITA (si vita ya bunduki, ni kifupi cha Kiingereza cha msaada wa kodi wa kujitolea), ambao ofisi ya kodi ya Marekani inausimamia. Wanafunzi wanafundishwa, wanafanya mtihani wa kuthibitishwa, kisha wanakaa kwenye maktaba au ukumbi wa kanisa wakiwajazia fomu za kodi, bure, watu wa kipato kidogo, wazee, na wageni ambao Kiingereza kinawapiga chenga. Mwisho ni tarehe 15 Aprili. Na kila fomu, kabla haijaondoka, inasomwa tena na mtu wa pili. Hilo la mtu wa pili lilinifurahisha kuliko yote. Mimi kule dukani mtu wa pili alikuwa bosi, na alikuwa ameshakasirika.

Kuna jambo jingine, la kidunia zaidi. Hapa Lubumbashi kazi ya kontabule kwenye kampuni ya mgodi, tusidanganyane, mara nyingi inaanza na mtu wa kukushika mkono. Mjomba yuko ndani, au mliimba kwaya moja na mke wa mkuu wa watumishi. Mdogo wangu hana mjomba Ohio. Mikutano ile ya kikazi ya chama, ambapo watu wa kampuni za uhasibu wanakuja kuzungumza na wanafunzi jioni, ndiyo mjomba wake. Sioni aibu kulisema. Kama kuna kiingilio, tuchange. Tumewahi kuchangia mambo ya kipuuzi zaidi, na mimi nina orodha.

Wenzangu wawili niliowasimulia haya walisema mara moja: basi tuanzishe cha kwetu Kasapa, kwenye kampasi ya chuo kikuu chetu. Sawa, lakini nawafahamu watu wangu. Wiki ya kwanza tutachagua rais, makamu na mshauri wa rais. Wiki ya pili kitambaa cha sare. Wiki ya tatu ugomvi juu ya nani kala pesa ya kitambaa, na hapo ndipo kontabule wa kweli atakapohitajika. Tena vikundi hatujakosa: kila mkoa wa asili una chama chake cha wanafunzi, kila kanisa lina lake. Vinazika watu, vinakaribisha wageni, ni vizuri. Hakuna hata kimoja nilichokiona kinachomwambia mwanafunzi wa mwaka wa mwisho: Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, kaa na yule mama wa soko mwenye karatasi nne za ofisi nne asiyejua ipi ni kodi, ipi ni ada ya meza, ipi ni ya kudanganywa tu. Ningeanza na hiyo Jumamosi, meza moja na viti viwili. Jina litakuja lenyewe, na kama halikuja hatutakosa kitu. Na kizingiti ningekiweka kwenye saa, sio kwenye alama, ili mwenzangu wa Satisfaksio awe wa kwanza kwenye orodha. Yeye nilimwuliza. Alisema atakuja, ila viti viwe vitatu, kwa sababu mama wa soko hatembei peke yake kwenda kuzungumza habari za pesa.

Mdogo wangu aliapishwa, wala hakuna damu iliyomwagika, mama mkubwa aliuliza mahususi. Mwezi wa tatu alituma picha kutoka ukumbi mmoja wa kanisa. Meza ndefu, kompyuta, na mbele yake sanduku la viatu limejaa risiti. Alituambia ni la mzee mmoja mjane ambaye matumizi yake yote ya mwaka yako mle ndani, dawa, kodi ya nyumba, hata risiti ya chakula cha paka, na kwamba alikaa naye saa mbili na nusu, nusu yake akisikiliza habari za marehemu mke wake.

Mama mkubwa aliandika: "Banakulipa?"

"Hapana, mama. Ni ya kujitolea."

Kikundi kikanyamaza. Niliona yale maandishi ya kwamba mama mkubwa anaandika, yakapotea, yakarudi, yakapotea tena. Mama mkubwa, lazima niwaambie, ndiye mtunza pesa wa likelemba, mchezo wa kuchanga pesa na kupokea kwa zamu, ya wanawake kumi na wanane wa mtaa wake, na tangu Krismasi kuna kelele kwamba mmoja kapokea mara mbili. Hatimaye ujumbe ukaja.

"Kama unafanyia wazungu bure, fanya na yetu."

Zikafuata picha za daftari, moja moja, zimepigwa chini ya mwanga wa tochi, kidole gumba chake kikiwa pembeni mwa kila moja. Picha kumi na moja. Mdogo wangu alizipitia zote usiku huohuo wa kwao, halafu akaniandikia pembeni, sio kwenye kikundi:

"Yaya, ukurasa wa nne uko wapi?"