Tegemezi wa Mjomba

Imekataliwa. Nimekesha nikijaza, nimebonyeza kutuma saa nane za usiku, na asubuhi nafungua simu nikitegemea pongezi, nakuta ritani yangu ya kodi ya mapato ya Marekani imerudishwa kama posa iliyopelekwa kwa watu wenye maringo. Sababu? Nambari yangu ya Social Security, ile ya utambulisho wa kodi, tayari imo kwenye ritani ya mtu mwingine. Nikaruka kitandani: nimeibiwa! Kisha nikakaa tena, nikawaza. Mwizi gani mwenye akili zake ajifanye mimi, wakati mimi mwenyewe nimeshindwa?

Mimi ni mtu mzima wa miaka 23, mwaka wa nne chuoni, nina kadi ya kijani na kazi ya kupanga vitabu maktaba. Miaka mitatu yote ritani yangu alinijazia mjomba, tena bure, nami kwa shukrani nikimwoshea gari. Mwaka huu nikaona nimekua. Nikasema tarehe 15 Aprili, siku ya mwisho ya kutuma, hainikuti nimeshikwa mkono na mjomba kama mtoto anayevushwa barabara.

Na sikuingia kichwa kichwa, nilisoma. Chuo kilinitumia fomu 1098-T: kisanduku cha 1 ada iliyolipwa, kisanduku cha 5 ufadhili. Nikatoa cha tano kwenye cha kwanza, zikabaki dola 4,000 na ushei. Jamaa wa chumba cha pili akaniambia iko kitu inaitwa American Opportunity Tax Credit, nafuu ya kodi kwa waliolipa ada ya chuo. Jina lenyewe linanukia nauli ya ndege. Dola 2,000 za kwanza ulizolipa unahesabiwa zote, 2,000 zinazofuata unahesabiwa robo, jumla 2,500. Halafu, hapa akashusha sauti, asilimia 40 yake, yaani mpaka dola 1,000, unapewa mkononi hata kama hudaiwi kodi senti moja.

Dola elfu moja. Sikulala. Kufika alfajiri nilikuwa nimeshazitumia, na nilikuwa nimeanza kuzikopesha.

Sasa usidhani kila gharama ya mwanafunzi inakubaliwa. Chakula hakihesabiwi. Basi halihesabiwi. Bima ya afya, hapana. Kodi ya chumba haipunguzi kodi ya mapato; majina yamefanana, undugu hamna. Vitabu vya kozi vinahesabiwa, hata ukivinunua nje ya chuo, ila risiti yangu niliifanya alamisho, na kitabu nikakiuza alamisho ikiwa ndani. Huyo jamaa mwenyewe aliyenipa habari yuko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, bado mgeni machoni pa kodi, kwa hiyo nafuu hizi anazihadithia tu kama bikira wa peponi. Yeye kila mwaka, hata asipopata senti, anajaza fomu 8843 kuieleza serikali kwamba yupo, na tafadhali siku alizokaa zisihesabiwe. Nilimcheka mno. Sasa simcheki.

Nikampigia mjomba, nimweleze kwamba kuna mhalifu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Imerudi, sio?"

Sijasema kitu!

"Umejuaje?"

"Niliituma yangu Februari. Umo ndani."

Nimo ndani. Anasema hivyo kwa upole, kama daktari. Nikamuuliza nimo ndani kama nani. Akasema: "Kama tegemezi."

Jamani. Huyu ndiye mzee ambaye tangu nishuke uwanja wa ndege hajanipa sahani ya chakula bila kuniambia mtegemea cha nduguye hufa maskini. Anasema, anaongeza mchuzi, anasema tena. Kumbe mwenzangu kila akisema, ananiandika.

Nikajikaza. Nikasema kwa heshima zote, mjomba, mimi si mtoto wako. Akasema sheria inamtambua na mpwa. Nikasema nina miaka 23. Akasema mwanafunzi wa muda wote ni mtoto mpaka afikishe 24. Nikasema siishi kwako, naishi bweni! Akacheka kidogo, lile cheko la mtu mwenye karata ya mwisho. "Bweni ni safari ya masomo. Kisheria uko kwangu, umetoka mara moja tu."

Nimetoka mara moja tu. Miaka minne. Kama mbuzi aliyepelekwa malishoni.

"Lakini ada nimelipa mimi, mjomba! Nimekopa mkopo wa serikali, kwa jina langu!"

"Najua, na hongera. Ukishakuwa tegemezi wangu, ada uliyolipa wewe inahesabiwa nimelipa mimi."

Hapo nilinyamaza. Nilinyamaza mpaka akauliza kama mtandao umekatika. Hebu nisaidieni. Mkopo nimechukua mimi. Nitaulipa mimi, na mvi zitanikuta naulipa. Nafuu ya kodi anaipata yeye. Nikajipa moyo: basi angalau ile riba ninayolipa kidogo kidogo, nimesoma unaweza kuondoa mpaka dola 2,500 kwenye mapato. Akasema tegemezi hawezi kuiondoa. Nikamwambia basi iondoe wewe, imalize yote, chukua na shati. Akasema naye hawezi, mkopo si wake kisheria.

Yaani mkopo huo huo, ukija na nafuu ni wa mjomba, ukija na riba ni wa mpwa, na ukitafuta wa kuipunguza hiyo riba hauna mwenyewe!

Nikapandisha sauti, Mungu anisamehe. Nikamtaka anitoe, arekebishe kwa fomu 1040-X. Hakukasirika. Akaniuliza, kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza: "Mjomba, maktaba walikulipa ngapi mwaka mzima?"

"Elfu tisa."

"Kodi yako juu ya hiyo elfu tisa?"

"...Sifuri."

"Nikikuachia, ile elfu ya kupewa mkononi huipati, kwa sababu uko chini ya miaka 24, hujajitegemea kwa jasho lako, na mama yako yu hai, Mungu amzidishie. Utabaki na ile ya kupunguza kodi. Sasa sifuri utaipunguza iwe ngapi?"

Nikamwambia mwaka huu natimiza 24, na mwakani atanikoma. Akasema vizuri sana, ila ile nafuu ni miaka minne tu kwa mwanafunzi mmoja, na minne hiyo wameshaimaliza. "Wameshaimaliza," anasema, kama vile wapo watu wengine. Nikiendelea kusoma nitabaki na nafuu nyingine, Lifetime Learning, asilimia 20 ya ada mpaka ada ya dola 10,000, na hiyo haitoi hata shilingi mkononi. Inapunguza kodi tu. Narudi kwa sifuri yangu.

Nimeijaza upya. Nimetia alama kwenye kisanduku kinachosema kuna mtu anaweza kunidai kama tegemezi wake. Kisanduku chenyewe kidogo, lakini nimekitia alama polepole.

Jioni mjomba kapiga tena, nikadhani roho imemsuta. Alikuwa anauliza kama ninazo risiti za vitabu. Mwanawe, huyu binamu yangu, tangu afikishe 17 nafuu ya kodi ya mtoto imekatika, na mjomba anamwangalia mezani kama mpangaji aliyeacha kulipa. Na ndiye aliyemwaga soda kwenye viti vya nyuma, kwa hiyo Jumapili nakwenda kuosha gari. Sabuni nanunua mimi. Nimeangalia, nayo haihesabiwi.