Mpelelezi aliyevuliwa cheo anamkabidhi muuaji kwa nani?

Hadithi za mpelelezi aliyevuliwa cheo na utawala wa kiimla, lakini akaendelea kumsaka muuaji kimyakimya, zina wapenzi wengi, nami nimo. Ila kila nikifika pale anapomtia mkononi mhalifu, moyo unasita. Anampeleka wapi? Mahakama ni ya wale wale waliomfukuza.

Tuitazame Berlin ya 1940 na 1941. Katika giza la vita, mfanyakazi wa reli Paul Ogorzow aliua wanawake wanane, baadhi yao ndani ya treni za mjini. Alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi, lakini tuhuma zilianza kwa wafanyakazi wa kigeni, maana itikadi ilikwisha kuchagua nani mbaya. Wapelelezi wa mauaji walimfikia Julai 1941, akauawa mwezi huohuo. Kazi nzuri, atasema mtu. Na mimi siwezi kuibeza: wanawake waliopanda treni zile usiku walikuwa na haki ya kufika nyumbani. Hoja hiyo ni nzito, na wanaomtaka kila askari mwadilifu ajiuzulu huipita haraka mno.

Lakini mkuu wa polisi hao wa upelelezi, Arthur Nebe, majira hayohayo ya kiangazi alikuwa Belarus akiongoza kikosi kilichoua makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Wayahudi. Idara ileile ilimsaka muuaji wa watu wanane, na mkuu wake akaua kwa amri. Mpelelezi hodari katika dola kama hiyo huipa sura ya serikali inayolinda raia, hata kama mwenyewe hakukusudia.

Umoja wa Kisovyeti unaonyesha ubaya mwingine. Andrei Chikatilo alianza kuua mwaka 1978 na akakamatwa 1990; alihukumiwa kwa mauaji 52. Wakubwa walishikilia kwamba muuaji wa namna hiyo ni zao la ubepari, basi kwa miaka mingi magazeti yakanyamaza na wazazi hawakuonywa. Mwaka 1983 Aleksandr Kravchenko alipigwa risasi kwa kifo cha msichana wa miaka 9, baada ya kukiri kwa kushurutishwa. Chikatilo alipokamatwa alikiri kwamba yeye ndiye aliyemuua mtoto yule.

Hapo ndipo ninapomtetea mpelelezi aliyeanguka, kuliko yule aliyebaki na cheo. Aliyebaki anadaiwa matokeo: mwisho wa mwezi jalada lifungwe, na atakayebambikiwa kesi apatikane. Aliyefukuzwa hana kiti cha kulinda. Huenda asiweze kumfikisha muuaji popote penye haki, lakini anaweza kuichukua tarehe ya kifo, kuulizia mtuhumiwa alikuwa wapi, na kusema: siye huyu. Kravchenko alikuwa na mke aliyesema mumewe alikuwa nyumbani jioni ile, mpaka polisi walipomshinikiza abadili maelezo.