Kima wa Pete na daraja za kutoweka

Ukishuka daladala ya Makunduchi pale Pete, Unguja, baada ya matuta ya msitu wa Jozani, huhitaji mtembeza watalii ili umwone kima punju. Yuko juu ya mkungu, mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimemsimama kichwani kama mzee aliyeamshwa usiku, anatafuna majani machanga na wala hakujali. Mwenye minazi mmoja wa hapo aliwahi kuniuliza, mkononi kashika kidaka kilichotafunwa upande mmoja: "Mwanangu, hawa ndio mnaosema wanakwisha? Wanakwishia wapi, na mimi kila asubuhi nahesabu thelathini?"

Swali lake linastahili jibu. Anayesema kima wanakwisha ni Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, iliyoanza mwaka 1964. Orodha hiyo ina daraja tatu za hatari: hatari kubwa mno, hatarini, na walio dhaifu. Chini yake wapo wanaokaribia hatari na wasio na wasiwasi; juu yake wapo waliokwisha kutoweka. Kima punju yumo katika daraja la "hatarini".

Hapo watu wengi hudhani wataalamu wamehesabu vichwa, wakaona vichache. Idadi ni kipimo kimoja tu. Wakomavu wakiwa chini ya 50, mnyama huingia daraja la juu kabisa. Chini ya 250, la pili. Chini ya 1,000, la tatu. Kipimo kingine ni kasi ya kupungua: aliyepoteza asilimia 80 katika miaka 10 au vizazi vitatu yuko pabaya kuliko aliyepoteza 30, hata kama bado wako maelfu. Kingine tena ni eneo. Spishi ambayo makazi yake yote hayafiki kilomita za mraba 5,000, yamekatikakatika na yanaendelea kuharibika, hiyo ni "hatarini" bila kuulizwa wako wangapi.

Kima wa Pete amenaswa hapo. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 iliwakuta zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya walivyodhaniwa. Ilikuwa habari njema, ila daraja halikubadilika. Ukiacha wachache waliopelekwa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970, kima huyu haishi popote duniani ila Unguja, na Unguja nzima haifiki kilomita za mraba 2,000, msitu ukiwa kipande tu cha hiyo. Halafu thelathini kwenye shamba moja si lazima iwe dalili ya wingi. Msitu wa nyuma ukikatwa kuni na makaa, waliokuwa huko watahamia kwenye mikungu ya watu.

Wanaoitetea orodha wana hoja nzito, nami niko upande wao kwa sehemu kubwa. Bila fimbo moja ya kupimia, fedha za uhifadhi zingemfuata mnyama mwenye sura ya kupendeza kwenye picha. Tena ni orodha inayokubali kushindwa: kaa wa nazi, yule mkubwa wa kisiwa cha Chumbe anayepanda miti, aliandikwa "taarifa hazitoshi" tangu 1996 hadi 2018, ndipo akawekwa kwa walio dhaifu. Ni uungwana kusema hujui. Lakini mfadhili gani atatoa fedha kwa mnyama ambaye karatasi yake inasema hatujui?

Panaponikwaza mimi ni kwa paa nunga. Miaka mingi alijulikana zaidi kama paa wa Unguja, wa uwandani kwenye mawe na vichaka, na wachache wa msitu wa Arabuko-Sokoke, Kenya. Kisha kamera za kutegwa zikawanasa wengi katika misitu ya Boni na Dodori, kaskazini ya pwani ya Kenya. Kwa dunia ni faraja kubwa, maana spishi ina akiba. Kwa Unguja hakuzaliwa hata nunga mmoja zaidi. Orodha inauliza kama nunga atatoweka duniani. Mtu wa Jozani anauliza kama atatoweka hapa.

Kasa uziwa naye vivyo hivyo. Oktoba 2025 aliondolewa "hatarini" akawekwa kwa wasio na wasiwasi, kwa sababu fukwe nyingi za dunia zimelindwa kwa miongo na wameongezeka. Mvuvi wa jarife akisikia redioni kwamba kasa hana wasiwasi, ataelewa nini? Sheria yetu ya kumlinda haikubadilika, lakini neno limekwisha kutoka.

Popo wa Pemba anatoa jibu jingine. Mwaka 1996 alikuwa katika daraja la juu kabisa, akiwindwa kwa bunduki na kuliwa. Vijiji vikashika ulinzi, Kidike wakiwa mfano unaotembelewa hadi leo, na mwaka 2008 akateremshwa daraja mbili. Hapo orodha na kisiwa vilisema kitu kimoja, kwa sababu popo huyo hana kwingine.

Dawa ipo: tangu 2003 IUCN ina mwongozo wa kutumia vipimo vile vile kwa nchi au eneo moja. Mwongozo huo unauliza kama majirani wanaweza kuja kujazia waliopungua. Kwa nunga jibu ni bahari. Wanaopinga orodha za eneo moja za aina hii husema kisiwa kidogo kitapaka kila mnyama rangi nyekundu, maana kilomita zile zilikatiwa dunia nzima. Ni kweli, na kila kitu kikiwa dharura hakuna dharura. Ningekubali hasara hiyo kwa wachache tunaowajua: nunga, kasa uziwa na kasa mwenzake ng'amba.

Tatizo litabaki kwenye kuhesabu. Nunga ni mwoga, hujificha kwenye vichaka ambavyo mtafiti hupita bila kuona kitu. Anayejua kichaka kipi bado kina nunga ni msasi, na kumwinda nunga ni marufuku. Ukimuuliza, atakwambia hajafika uwandani tangu utoto.