Hati safi, mtaro mchafu

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ikiwa mbovu, mteja hasubiri robo ya mwaka. Anavaa suruali, anainama kufunga kamba za viatu, inachanika, anarudi kibandani kwangu amejifunga kanga ya mkewe na suruali ameishika mkononi. Tathmini imekwisha. Dakika tano, matusi juu.

Wenzetu wa halmashauri wana namna yao. Juzi nilifunga kibanda, nikavaa shati la Idi, nikaenda kusikiliza baraza la madiwani, kile kikao chao cha kila miezi mitatu. Mwananchi anaruhusiwa kuingia, ila wengi hawajui. Unakaa nyuma, unasikiliza, kuongea huruhusiwi, na maji ya chupa yanaishia safu ya tatu.

Kilichonipeleka ni mtaro. Ulichimbwa vizuri kabisa kutoka juu kule sokoni, ukajengewa mawe, ukashuka, ukafika kwa jirani yangu muuza vipuri vya pikipiki, ukasimama. Kutoka kwake hadi kona pamebaki shimo, na mbele ya hilo shimo nipo mimi. Nimelipima kwa tepu yangu ya kushonea: tepu sita na kiuno cha mtoto. Mvua ikinyesha, maji ya mtaa mzima yanateremka kwa raha zao, yakifika mlangoni kwangu yanapumzika. Wateja wanavuka kwa ubao. Mama mmoja aliyenenepa baada ya uzazi alikuja kuongezewa gauni, akautazama ule ubao, akanitazama mimi, akaamua kupunguza chakula.

Basi ikasomwa taarifa. "Mheshimiwa mwenyekiti, utekelezaji wa mradi wa mtaro umefikia asilimia 85." Meza zikagongwa pwa pwa pwa. Mimi kule nyuma nikawa natafuta zile 15 zimeenda wapi, kumbe nalala nazo! Hebu nikushonee suruali ya asilimia 85: ina kiuno, ina mifuko, ina zipu, miguu yote miwili ipo. Kilichokosekana ni mshono wa makalio tu. Ivae uende msikitini.

Halafu ikaja habari kubwa: halmashauri yetu imepata hati safi kwa CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Nusura nisimame nishangilie, ila shati la Idi lina umri wake. Jioni nikamuuliza mpwa wangu aliyesomea uhasibu, "Hati safi na huku nakanyaga matope, imekaaje?" Akacheka kwanza, hao wasomi hucheka kwanza. "Mjomba, hati safi maana yake hesabu zimeandikwa sawasawa na vitabu vinaonyesha hali halisi ya fedha. Haisemi mtaro unapitisha maji. Kuna ukaguzi mwingine wa kuangalia ufanisi, huo ni kitu mbali." Kumbe! Kwa hiyo hata mimi nikiandika vizuri kwenye daftari kwamba nimechana kitambaa cha mteja mita tatu, tarehe hii, saa hii, na saini yangu, nina hati safi.

Akaniambia ripoti ya CAG humfikia Rais mwishoni mwa Machi, kisha inaingia bungeni, na wakurugenzi huitwa mbele ya LAAC, kamati ya Bunge inayochungulia hesabu za serikali za mitaa. Huko, anasema, mtu hutoka jasho chini ya kiyoyozi. Sikumwonea mtu huruma. Mimi natoka jasho bila kiyoyozi.

Lakini kilichonimaliza ni hoja. Mkaguzi wa ndani, Mungu amweke, aliuona ule mtaro, akauandikia hoja: mbona haujakamilika? Hoja ikajibiwa. Jibu likasema mtaro unatumika na hakuna maji yaliyotuama, picha imeambatishwa. Hoja ikafungwa. Picha nimeonyeshwa na mjumbe mmoja kwenye simu yake, tukiwa tumesimama nje tunangoja soda ambayo haikuja. Imepigwa Agosti! Agosti hapa kwetu hata mate yanakauka kabla hayajafika chini. Na pembeni ya picha, koti la harusi limening'inia, chini yake kuna mzee anakula muhogo. Ni mimi. Mlalamikaji ndiye kielelezo.

Kesho yake nikamfuata mtendaji wa kata. Nimemkuta kainamia simu, kidole kinapanda kinashuka.

"Shikamoo yako iko wapi, kijana?"

"Marahaba... aa, shikamoo mzee wangu. Subiri kidogo, najaza PEPMIS."

Huo ndio mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, umechukua nafasi ya ule wa zamani, OPRAS. Siku hizi mtumishi anaingiza mwenyewe kazi alizofanya, na bosi wake anampa alama. Si kitu kibaya, nasema ukweli. OPRAS ilikuwa makaratasi, na kwangu yalifika yakiwa yamefungia maandazi. Ila nilisimama pale mlangoni nusu saa nzima, mtu anaandika jinsi anavyohudumia wananchi.

Alipoinua kichwa nikamweleza shimo, ubao, picha, muhogo. Akatikisa kichwa kwa upole sana. "Mzee wangu, hilo andika, weka kwenye sanduku la maoni. Tunafanya tathmini mwisho wa robo."

Nikaandika. Nikalifuata sanduku ukutani, lina kufuli yenye kutu mpaka imeota ndevu. Karatasi ikaingia nusu, ikagoma. Limejaa. Nikatoa rula yangu mfukoni, nikasukuma, ndani kukatoka mjusi, kanitazama kama karani aliyekatishwa usingizi, akapanda zake darini. Nikasukuma tena, karatasi ikazama.

Nilipogeuka, mtendaji alikuwa amesharudi kwenye simu.

"Jina lako la pili nani, mzee?"

"La nini tena?"

"Naingiza hapa. Mwananchi mmoja amehudumiwa."